Nungunungu na Jabali la Wote

Katika nchi ya wanyama, Nungunungu pekee ndiye aliyechapa vitabu, na kila msafiri alifuata kitabu chake cha visima. Kisha Chura akaanza kuandika anachokijua kwenye jabali la njiani, na wenzake wakaiga. Huyu aliongeza, yule alisahihisha, na vitabu vikakosa wasomaji.

"Chura ana elimu gani?" Nungunungu alifoka.

Kiangazi kilipokaza, alihama na mkewe, kitabu mkononi. Kisima cha kwanza kilikuwa kikavu, na cha pili vilevile. Mkewe akaanguka kwa kiu.

Nungunungu alikimbilia jabali, akasoma: "Visima vya mashariki vimekauka tangu juzi. Maji yapo bondeni, penye mkuyu. Ni mimi Chura." Chini yake Kobe alikuwa ameongeza: "Nimepita leo asubuhi, ni kweli."

Alirudi kumwinua mkewe, wakajikokota hadi bondeni, wakanywa. Chura alikuwa ukingoni.

"Shikamoo," Nungunungu alimwambia.

"Mzee wangu, mbona unaniamkia wewe?"

"Mimi niliandika mara moja nikalala. Ninyi mnaandika kila siku, na mke wangu yu hai."

Tangu hapo, Nungunungu hachapi ukurasa kabla ya kupita kulisoma jabali.