Gonga Mara Tatu, Kisha Mara Moja

Nahodha alikuwa amemaliza kummwagia papa potwe uduvi, wageni wakipigana vikumbo kupiga picha ule mdomo mpana kama mlango, aliposikia ubao ukigongwa ng'ambo ya ghuba. Mara tatu, kimya, kisha mara moja.

 Mwito huo wa kumwita papa aliubuni mwenyewe.

Wageni wengine wote walikuja na kamera na makelele. Juzi alikuja mmoja mikono mitupu, viganja vimejaa makovu ya kamba.

"Dada, unafanyaje mpaka anakuja?" alimuuliza nahodha.

Sifa zikampanda kichwani, akamwonyesha jinsi ya kugonga.

"Mbona papa anaondoka?" sasa mgeni mmoja botini akalalamika.

Nahodha akagonga ubavu wa boti mpaka vidole vikachubuka. Pezi halikugeuka. Lilikata maji taratibu, bila wasiwasi, kuelekea boti ya yule mwenye makovu, isiyo na mgeni hata mmoja, mnyororo wake wenye kitanzi cha kunasia umeshashushwa majini.