Baba Aombe Mwenyewe

Siku hizi kila mwanamume huvaa taa kifuani: kijani akitulia, nyekundu akiogopa. Kanisani kwetu Tukuyu anayeongoza sala ni mwenye kijani, kwa hiyo mimi nimebaki fundi wa kuitikia "Amina." Wengi wamekwisha kuchomwa sindano ya utulivu. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu.

Jumapili jumuiya ilikuja nyumbani kumwombea binti yangu Tumpe, anayesubiri kupasuliwa moyo. Shemeji yangu Gwakisa, aliyechomwa mwaka jana, akasimama kuomba, kifua kikimeta kijani kama mgomba wa masika.

"Mjomba, kaa tu," Tumpe akasema. "Baba aombe mwenyewe."

"Mwanangu, huoni ninavyowaka nyekundu? Nyanya ina nafuu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Wanaume wakakohoa. Mke wangu akanisukuma mgongoni. "Simama basi, Baba Tumpe. Mungu si trafiki."

Nikaomba. Sauti ilikatika, kamasi zikanitoka mbele ya wazee wa kanisa, na jina la Yesu la kumalizia nikalisahau, mke wangu akanimalizia. Tumpe alicheka, akanishika mkono, akasinzia. Nilimshukuru Mungu kwa hofu yote aliyoniachia, na sindano nikaighairi palepale.

Wageni walipoondoka, Gwakisa alinivuta pembeni. Ndiye aliyembeba Tumpe siku ya ubatizo, akalia kuliko mtoto.

"Shemeji," aliuliza kwa upole, "ulipokuwa unamwangalia, ulisikia nini moyoni? Mimi namwona tu amelala."

Taa yake ilibaki kijani.