Mashua Iliyorudi Yenyewe

Machano aligonga ubavu wa mashua kwa ngumi, akasikiliza. Mkewe, Rukia, ndiye aliyemleta kuinunua; alikuwa amechoka kumhofia kila bahari ilipochafuka naye yuko kuvua.

"Hii haizami?" Rukia alimuuliza mwenye mashua, Bi Mize.

"Haizami, mwanangu. Siku ya dhoruba zilizama zote, hii ikarudi yenyewe."

"Yenyewe? Nani alikuwa akiiendesha?"

"Mume wangu." Bi Mize alifuta vumbi kwenye kiti cha nyuma kwa ncha ya kanga. "Yeye bado."

Rukia hakujua atoe shukrani au pole. Machano alikwisha kupanda, kakaa kiti kile kile, anacheka.

Rukia alishika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja, shati la mumewe kwa mwingine, asijue aachie kipi.