Matuta ya Siku Nne

Mume wangu Felisiani aliniuma mkono mpaka damu ikatiririka, nami sikuutoa, asije akauma ulimi wake. Shemeji yangu alikuwa amemkalia miguu. Mdomo wa shemeji ulikuwa umepasuliwa na Felisiani kwa mpini wa jembe, alipojaribu kumpumzisha kaka yake shambani. Tulimleta Felisiani hospitali tumemfunga kamba ya ng'ombe.

"Mama," daktari aliuliza huku akivuta dawa kwenye sindano, "kabla ya ule mwezi mlionieleza, aliolala akitazama ukuta, alishawahi kufanya kazi bila kulala?"

Nilitazama viganja vya Felisiani. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, udongo umeingia kwenye nyama.

"Msimu uliopita," nikasema. "Aliinua ntumba, yale matuta yetu ya kufukia majani, shamba zima kwa siku nne, usiku na mchana, akiimba. Mama mkwe alimpikia pombe. Padri akamsifu kanisani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Huyu ni mchapakazi!" shemeji akafoka, damu ikimruka mdomoni. "Tangu lini kazi ikawa ugonjwa?"

Daktari alimchoma Felisiani pajani. "Ugonjwa wake una kupanda na kushuka. Mlinieleza kushuka tu, nikampa dawa ya huzuni. Ile peke yake huweza kumpandisha mtu kama huyu." Akanigeukia. "Alikuwa anaimeza?"

Meno ya Felisiani yakaanza kuuachia mkono wangu.

"Kila asubuhi," nikasema. "Akikataa, nilimbana pua mpaka ameze."