Aliyekimbia Bila Mzigo

Élysée alipita mbele ya nyumba akikimbia, hana mzigo, kashika chupa ya maji tu.

Koko Émilienne alikuwa amepiga magoti mekoni, anapuliza moto wa maharagi. Akaganda. Mjukuu wake huyo alikuwa amefika Karuba juzi tu, kutoka Goma anakosoma chuo kikuu, na tangu afike hakuwa yeye. Chai alikunywa bila sukari. Fufu ya jioni aliimega mara mbili, akanawa mikono. Saa mbili amekwisha lala, simu kaizima. Maji, basi, aliyanywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Koko hakumuuliza. Vijana wa mjini husikia mambo kabla ya wengine, na mwenye habari mbaya chakula hakimshuki.

Sasa habari yenyewe njo hii imefika.

"Élysée! Wenye bunduki wanatokea wapi?"

Kijana hakugeuka hata shingo. Alikaza mwendo kuelekea mlimani.

Mama Niyonsenga, jirani, alichungulia juu ya ua. "Koko, mutoto anakimbia nini?"

"Hajasema."

"Kama hata kusema hawezi, basi iko mbaya!" Akamfunga mtoto wake mgongoni, akapiga yowe.

Milango ikafunguka kijiji kizima. Watu walikwisha kuzoea. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Papa Léopold, muuza maziwa, alitoka na godoro lake kichwani.

"Godoro tena, Papa Léopold?" Mama Niyonsenga alimtupia, huku anakimbia.

"Wewe kule utalalia nini? Sala?"

Koko alitazama sufuria. Maharagi yalikuwa yamebakiza kidogo kuiva, na sufuria ilikuwa mpya. Mwaka ule mwingine wa vita alirudi ndani kuchukua sufuria, mara moja tu, na alipotoka, Élysée, wakati huo wa miaka tisa, hayuko. Miezi mitatu alimtafuta. Alimkuta kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Sake, mbavu zinahesabika, hata yeye Koko hamtambui.

Akaiacha sufuria motoni. Akakaza kitenge, akashika njia.

Walipanda kwenye mashamba ya viazi, wakapenya ua wa ng'ombe, wakaingia kwenye mikaratusi. Nyuma yake alisikia mbuzi, watoto, kuku ndani ya ndoo, na Papa Léopold akikwaruza miti kwa godoro. Magoti yalimuwaka. Hakutazama chini. Alitazama ule mgongo mmoja wenye shati la bluu, na kila ulipojificha kwenye kona alimwita Bikira Maria, na kila ulipotokea alimshukuru.

Juu kabisa, penye upepo, mgongo ule ukasimama. Koko aliufikia wa kwanza, akalishika shati kwa mikono miwili.

"Safari hii sikuachi," alisema. Pumzi haikutosha kwa neno lingine.

Élysée alishtuka, akageuka. Alichomoa vidude viwili masikioni, na muziki ukasikika kidogo. Akatazama saa yake mkononi. Akamtazama Koko, kisha Mama Niyonsenga, kisha kijiji kizima kinachotokea kwenye miti, mmoja mmoja, kikihema. Uso wake ukachangamka.

"Koko! Kumbe na nyinyi munafanyaka spoti ya asubui?" Akamgeukia Papa Léopold kwa heshima. "Ila Papa, godoro iko nzito kwa mutu mwenye anaanza."