Komeo la Mlango wa Kanisa

Kila Jumapili, kabla ya maombi, Mzee Anselmi alifunga mlango wa kanisa kwa komeo, maana ombaomba wa pale ngazini hawakujua kunyamaza. Wiki hii hata hawakuwapo. Wazee wa kanisa walikuwa wamewafukuza.

"Tuwaombee wenye njaa," Mama Priska aliongoza, macho kayafumba.

"Ee Bwana, utusikie," waumini wakaitikia.

"Tuwaombee maskini na walemavu wa dunia nzima."

Safari hii kiitikio kilitoka nje. Zilikuwa sauti nyingi, za taratibu, pamoja na magongo yakigonga saruji.

Priska akafumbua macho. Mle ndani hakuna aliyekuwa amefungua kinywa.

"Mzee, kuna nani huko?"

Anselmi akachungulia kwenye ufa wa mlango. "Hamna mtu, mama. Ngazi tupu."

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika nje, tulivu kama ya Priska mwenyewe: "Tuwaombee waliomo ndani."

"Ee Bwana, uwahurumie," zile sauti za nje zikaitikia.

Priska akashuka mimbarini, akapita katikati ya mabenchi, akalifungua komeo kwa mikono miwili na kuusukuma mlango.

Haukusogea. Ulikuwa umefungwa kwa nje.