Mishumaa ya Darlene

Dada yangu Darlene alipopuliza mishumaa ya miaka sitini na mitano, nilimwonea wivu uzee wake. Hapa Marekani, ukifika umri huo unaingia bima ya afya ya serikali. Mimi nina sitini na miwili. Ruzuku ya serikali ilipokatwa Januari, ada ya bima yangu ilipanda mara tatu, nikaiacha.

Shingoni alikuwa amebandika plasta ndogo.

"Daktari kakitoa kile kidoa cheusi kabla hakijawa saratani," alisema. "Sikusikia hata maumivu."

"Kumbe uzee raha."

"Raha sana. Na wivu utakuua, mdogo wangu."

Akanikumbatia huku akicheka. Kidole chake kikagusa shingo yangu chini ya nywele, kikasimama. Kicheko kikakatika.

"Na wewe unacho? Mbona kimevimba?"

Nikapandisha kola.

"Bado miaka mitatu," nikamwambia. "Kata keki."